Zege Likipita Maabara, Jengo Bado

Jioni ya tarehe 12 Agosti 2020, tetemeko la kipimo cha 6 hivi lilipiga baharini, nje ya pwani ya Tanzania, likasikika hadi Mombasa. Tetemeko la mbali huwapata zaidi wakaao juu. Mitikisiko ya harakaharaka hufifia njiani, ile ya polepole ikafika, nayo ndiyo inayokwenda sambamba na myumbo wa jengo refu. Kwa kukisia, fremu ya zege huyumba na kurudi kwa sekunde 0.1 kwa kila ghorofa. Jengo la ghorofa 15 la Nyali, Mombasa, litachukua kama sekunde moja na nusu.

Kwenye saiti zetu kipimo kinachojulikana ni michemraba ya zege ya milimita 150, inayopondwa siku ya 7 na ya 28. Ni ya lazima, lakini inajibu swali moja tu: zege linahimili mkandamizo kiasi gani? Tetemeko halikandamizi tu. Linalisukuma jengo ubavuni, likaenda likarudi, na mateso huishia pale nguzo inapokutana na boriti.

Kwa hiyo maabara hujenga kiungo hicho peke yake. Nguzo hubebeshwa uzito, kisha jeki huisukuma na kuivuta: kwa nguzo ya mita 3, milimita 15, halafu 30, halafu 60, kila hatua ikirudiwa. Nyufa si hoja sana. Kinachotazamwa ni nguvu inayobaki. Ikishuka chini ya asilimia 80 ya kilele chake, kiungo kimeshindwa.

Mara nyingi mkosa ni ringi, yaani nondo nyembamba zinazozifunga nondo za wima za nguzo, ncha zake zikikunjwa kuwa ndoano. Ndoano iliyokunjwa nyuzi 90 hufunguka zege la nje likibanduka, na nondo za wima hupinda kama mabua. Ndoano ya nyuzi 135 huingia ndani ya kiini, zege lililozungukwa na ringi, na kushika. Karibu na kiungo, nondo za milimita 16 zikitumika, kanuni ya Ulaya kwa majengo ya unyumbufu wa wastani, yaani yanayoweza kupinda kiasi bila kuvunjika, haitaki ringi ziachane zaidi ya milimita 128.

Jengo zima hupimwa juu ya meza ya kutikisa. Ile ya E-Defense, kituo cha majaribio ya matetemeko huko Japani, ina mita 20 kwa 15 na hubeba tani 1,200. Mwaka 2015 ilitikisa jengo la zege la ghorofa 10. Penye meza ndogo hutumika kielelezo, yaani mfano mdogo wa jengo. Cha robo ya ukubwa, kwa zege lilelile, huongezewa mzigo mara tatu ya uzito wake, la sivyo nguzo zitaonekana imara kwa uongo.

Kwa jengo lililokwisha simama, kifaa cha kutafutia nondo huonyesha ringi zilipo na zilivyoachana. Hakionyeshi ndoano zilivyokunjwa. Hizo zikaguliwe kabla zege halijamwagwa.