Tufaha si la kutafuna tu

Hapa Moshi wengi huamini kwamba tufaha likiingia kwenye sufuria ya nyama, mchuzi utakuwa mtamu kama juisi. Sivyo, na ajabu ni kwamba sisi ndio tunaopika ndizi kwa nyama! Tufaha la kijani lina uchachu unaokata mafuta, kama ndimu tunayokamulia kitimoto. Wajerumani, matufaha yakiiva kwao Septemba na Oktoba, huyapika na viazi, wakaviponda pamoja, wakala kwa soseji na vitunguu vya kukaanga. Mimi hulikata vipande vinene bila kumenya, nikatia nyama ikishalainika, dakika 10 hivi: kingo zinalegea, katikati bado pamekaza. Yale mekundu ya ungaunga yaache, hurojeka upesi.