Tantali, metali inayotafutwa ndani ya koltani

Koltani tunaisikia sana, hasa habari zinapotoka Kivu Kaskazini, lakini kinachotafutwa ndani ya mawe yale meusi hutajwa kwa nadra. Ni tantali, metali ya mpito yenye alama Ta na namba ya atomu 73. Aliyeitambua kwanza ni Anders Gustaf Ekeberg, mkemia wa Sweden, mwaka 1802. Ndani ya mawe hayo haikai peke yake. Huwa pamoja na niobi, metali nyingine, na zimefanana mno tabia. Kwa miongo kadhaa wakemia walibishana kama ni kitu kimoja, mpaka Heinrich Rose wa Ujerumani alipoonyesha mwaka 1844 kwamba ni mbili tofauti.

Tantali ni nzito. Sentimita moja ya ujazo ina gramu 16.6 hivi, wakati metali ya risasi haifiki hata 12. Huyeyuka kwenye nyuzi za Selsiasi zipatazo 3,000, ndiyo maana huchanganywa katika aloi za mapanga ya injini za ndege. Pamoja na ugumu huo wa kuyeyuka, hukubali kuvutwa ikawa waya mwembamba, na mwanzoni mwa karne ya 20 waya huo uliwaka ndani ya balbu kabla tangsteni haijauondoa.

Ila kinachoipa thamani hasa ni uso wake. Ikikutana na hewa, tantali hujivika utando wa oksidi mwembamba usioonekana kwa macho. Chuma nacho hushikana na oksijeni, lakini kutu yake hubanduka na kuacha chuma kiendelee kuliwa. Utando wa tantali haubanduki, na ukikwaruzwa hujiunda upya. Hata ule mchanganyiko wa asidi ya nitriki na hidrokloriki unaoyeyusha dhahabu haufui dafu mbele yake. Inayoiweza ni asidi ya hidrofloriki, na hiyo ndiyo viwanda hutumia kuitoa kwenye mawe.

Majimaji ya mwili nayo hayaigusi. Madaktari wa upasuaji wameitumia tangu miaka ya 1940 kuziba mafuvu yaliyovunjika na kubana mishipa, na kwa uzito wake huonekana wazi kwenye picha ya eksirei.

Matumizi makubwa zaidi yako kwenye kapasita, kifaa kidogo kinachohifadhi chaji ya umeme. Unga wa tantali hushindiliwa na kuokwa ndani ya ombwe hadi uwe kidonge chenye vitundu kama sifongo, kisha huzamishwa kwenye kimiminika na kupitishiwa umeme ili utando ukue kwenye kila kitundu. Utando huo haupitishi umeme, na kwa kuwa ni mwembamba na eneo lake ni kubwa, kidonge kidogo hubeba chaji nyingi. Mafundi wa simu wanajua hatari yake: ukiibandika kapasita hii chanya na hasi zikiwa zimegeuzwa, inaweza kuwaka moto.

Usemi kwamba simu zimejaa koltani una chumvi. Simu moja haina hata gramu moja ya tantali, na kwenye kazi nyingi kapasita za kauri zimeshachukua nafasi. Ni idadi ya vifaa duniani inayoifanya itafutwe.

Kongo na Rwanda ni miongoni mwa wauzaji wakubwa. Machimbo ya Rubaya, wilayani Masisi, yaliingia mikononi mwa waasi wa M23 mwaka 2024, na wanaochimba huko ni wachimbaji wadogo wa sululu na beleshi. Sheria ya Marekani ya 2010, na ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kufanya kazi 2021, zinawataka wanunuzi wachunguze chanzo cha madini. Uchunguzi huo hutegemea lakiri na hati za magunia yakiwa bado njiani, kwa sababu mzigo ukishayeyushwa kiwandani pamoja na wa machimbo mengine, ni vigumu mno kujua upi ulitoka wapi.