Sungura na mayai ukutani, masika nje: dhana potofu kuhusu watoto na mvua Dar

Kila ifikapo Machi, zipo shule hapa Dar es Salaam zinazopamba kuta kwa karatasi za rangi: sungura, mayai, na maua ya njano ambayo mtoto wa Tabata hajawahi kuyaona yakiota popote. Ukitafuta intanetini michezo ya watoto ya kipindi hicho, unaletewa "shughuli za majira ya chemchemi". Chemchemi! Mashine imekuta neno la Kiingereza "spring", lenye maana mbili, ikachota maji ikaacha msimu. Na huku nje mvua inapiga bati, watoto wamefungiwa sebuleni na katuni. Naishi na mpwa wangu wa darasa la tatu, kwa hiyo mabishano haya nimeyazoea.

"Majira ya kuchipua yanaanza Machi, hata kwetu"

Kaskazini ya mbali, sawa. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Tukitaka kweli kufuata hesabu ya majira manne, Machi upande wetu wa dunia ni mwanzo wa majani kupukutika. Hapa mchana mrefu kuliko yote ya mwaka hauuzidi ule mfupi hata kwa saa moja. Kinachobadilisha mwaka wetu ni mvua na upepo: masika Machi hadi Mei, kisha kipupwe, vuli kuanzia Oktoba, halafu kiangazi. Anayetaka watoto wachore maua asubiri Novemba na Desemba, mikrismasi ikiwaka nyekundu barabarani. Au wachague mti mmoja wa uwanja wa shule, wauchore kila mwezi mwaka mzima.

"Mvua inaleta mafua"

Hii ni ya mama yangu mzazi, na sijamshinda bado. Mafua huletwa na virusi, na virusi hupita kwa chafya, kwa mikono, na kwa kubanana watoto wanne chumba kimoja madirisha yamefungwa, yaani kule kule tunakowaficha wasilowe. Mtoto mzima wa afya akicheza uani mvua ikinyesha kwa dakika kumi na tano, akaoga, akabadili nguo, akapewa uji, hana neno. Mwenye pumu ni habari nyingine. Na radi ikisikika, hata kwa mbali, wote ndani bila mjadala.

"Mvua imekatika, sasa waende wakacheze kwenye madimbwi"

Hapa ndipo napokuwa mkali, maana wengi tumepindua: tunaogopa mvua inayonyesha, hatuogopi maji yaliyobaki. Mvua inayoanguka uani ni safi. Maji yaliyosimama mtaani yamepita mitaroni, na sote tunajua masika wapo wanaotapisha vyoo usiku. Kipindupindu na homa ya matumbo vinatoka humo. Halafu kuna chemba zisizo na mfuniko, huzioni zikishafunikwa na maji. Karibu na mto Msimbazi na mabonde yake mtoto asikanyage kabisa. Maji yanayokimbia yakifika magotini yanamwangusha hata mtu mzima.

"Sayansi inahitaji vifaa vya kununua"

Inahitaji chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu. Kata sehemu ya juu, igeuze mdomo chini, iingize kwenye chupa kama mrija wa kumiminia mafuta. Tia kokoto chini isiangushwe na upepo, kisha maji hadi pale chupa inaponyooka, na hapo ndipo sifuri. Bandika rula kwa nje. Iweke uani, mbali na ukuta na miti, usome kila asubuhi saa ileile, kisha urudishe maji kwenye sifuri.

Aprili moja mpwa wangu alirudi amelowa kichwa, ananyoosha vidole vitatu. "Mjomba, imejaa hivi!" Rula ilisema milimita 32. Nikamwambia milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili ya maji. Paa la kibanda chetu ni mita tatu kwa nne. Akakaa chini na chaki, akapata lita 384. "Ndoo kubwa ngapi?" Kumi na tisa na ushee. Akanyamaza, akayaangalia yale madumu mawili tuliyonunua kwa mwenye mkokoteni juzi yake. Swali lililofuata lilikuwa kwa nini hatuna gata, na hilo sikuwa na jibu lake.

Darasa likiwa na chupa kama hiyo linaweza hata kuikagua redio: Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitahadharisha mvua kubwa, inamaanisha zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24.

"Mbu wanazaliana kwenye maji machafu tu"

Mbu wa dengi, yule mwenye madoa meupe miguuni anayeuma mchana, anapenda maji safi: ndoo, tairi, kifuu, kisahani cha chungu cha maua. Dengi iliipiga Dar 2014 na tena 2019. Kutoka yai hadi mbu mwenye mabawa ni kama wiki moja hadi siku kumi, kwa hiyo msako wa kila Jumamosi unatosha. Watoto wanaupenda, hasa ukiwapa tochi. Kiswahili kinawachanganya kidogo, maana viluwiluwi ni wa mbu na wa chura pia. Wafundishe: wa mbu ananing'inia chini kidogo ya uso wa maji na kujikunja-kunja akishtuka, wa chura ana kichwa kinene na mkia. Wa kwanza amwagwe, wa pili aachwe.

"Chura akikukojolea unaota chunjua"

Chunjua ni virusi, vinatoka kwa binadamu wenzetu. Ila aliyemshika chura anawe mikono kabla ya kugusa macho. Ngozi yake inawasha.

"Mbegu haioti bila jua"

Funika kunde kwa pamba yenye unyevu, weka kabatini, baada ya siku tatu au nne fungua. Jua linahitajika likishatoka jani. Masika kinachoua mbegu za watoto ni kopo lisilotobolewa: maji yanajaa, mbegu inaoza. Toboa, panda mchicha, na baada ya wiki tatu nne unachumwa.

"Mvua na jua vikikutana, upinde utaonekana tu"

Adhuhuri hauonekani, jua liko juu mno. Utafute kabla ya saa tatu asubuhi ukitazama magharibi, au baada ya saa kumi jioni ukitazama mashariki, jua likiwa mgongoni. Mpwa wangu alinihakikishia kuwa wakati huo simba anazaa. Nilimwambia aandike kwenye daftari lake la mvua saa na tarehe aliyozaa.