Je, wajua kwa nini matokeo ya luji huandikwa hadi elfu ya sekunde?

Ukifungua matokeo ya ubingwa wa Ulaya wa luji, kitakachokushangaza kwanza si majina ya washindi bali wingi wa tarakimu. Kila muda una tarakimu tatu baada ya nukta, na wakati mwingine ni hiyo ya tatu inayoamua nani avae dhahabu na nani avae fedha. Kwenye riadha hatujazoea hivyo. Rekodi ya Afrika ya mita 100, aliyoiweka Ferdinand Omanyala jijini Nairobi mwaka 2021, ni sekunde 9.77, basi. Kuogelea nako ni tarakimu mbili tu. Luji imeihitajia nini ya tatu?

Kwa asiyeujua mchezo huu: mchezaji hulala chali juu ya sleji, kigari kidogo cha kutelezea barafuni kisicho na breki wala usukani, miguu ikitangulia, akashuka mlima ndani ya mfereji wa barafu wenye kona nyingi. Pale juu hushika vishikio viwili vilivyo pembeni, hujisukuma mbele na nyuma kupata kasi, kisha hujivuta kwa nguvu zake zote na kuparaza barafu kwa glavu zenye miiba midogo ya chuma. Baada ya hapo hulala. Sleji huielekeza kwa kubana ncha zake za mbele kwa miguu na kukandamiza bega moja au jingine. Mwendo huzidi kilomita 120 kwa saa, kasi ambayo basi la mkoani haliruhusiwi hata kuikaribia, na katika njia za haraka zaidi hupita 130.

Saa haishikwi na mtu. Karibu na mahali pa kuanzia kuna mwale wa mwanga unaovuka njia, na mwingine uko mwisho. Sleji ikiukata wa kwanza, saa inaanza. Ikiukata wa pili, saa inasimama. Kwenye ubingwa wa Ulaya mchezaji mmoja mmoja hushuka mara mbili na muda wake unajumlishwa. Kwenye Olimpiki hushuka mara nne.

Sasa tuje mwaka 1972, kwa sababu jibu lenyewe limezaliwa hapo. Mwezi Februari, kwenye Olimpiki ya Sapporo nchini Japani, mbio za wawili wawili ziliingia dosari mapema: lango la kuanzia lilipata hitilafu na mteremko wa kwanza ukafutwa. Waitalia Paul Hildgartner na Walter Plaikner, waliokuwa wameongoza mteremko huo, walilalamika, lakini malalamiko yao hayakukubaliwa. Mbio zikarudiwa. Mwisho wa yote saa ilionyesha dakika 1 na sekunde 28.35 kwa Waitalia, na dakika 1 na sekunde 28.35 kwa Horst Hörnlein na Reinhard Bredow wa Ujerumani Mashariki. Wakati huo luji ilipimwa hadi mia ya sekunde tu, kwa hiyo hapakuwa na namna ya kuwatenganisha. Timu zote mbili zilipewa dhahabu. Kufikia Olimpiki iliyofuata, Innsbruck 1976, luji ilikuwa imeshahamia kwenye elfu ya sekunde.

Miezi michache tu baada ya Sapporo, mwezi Agosti, Olimpiki ya kiangazi ikafanyika Munich, na kuogelea kukakumbwa na mtihani uleule. Kwenye mita 400 za mitindo mchanganyiko, Gunnar Larsson wa Sweden na Tim McKee wa Marekani waligusa ukuta kwa dakika 4 na sekunde 31.98. Waamuzi wakaenda kutazama tarakimu ya tatu: Larsson .981, McKee .983. Msweden akapewa dhahabu. Baadaye viongozi wa kuogelea walitafakari uamuzi ule wakaukataa. Tangu hapo waogeleaji wakilingana kwenye mia ya sekunde wamelingana, na medali wanagawana. Ndiyo maana kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016 tuliwaona Michael Phelps, Chad le Clos na László Cseh wakisimama pamoja kupokea fedha ya mita 100 za kipepeo.

Mwaka mmoja, tatizo moja, na michezo miwili ikaelekea njia zilizopingana. Kwa maoni yangu kila mmoja ulikuwa sahihi. Bwawani kila mtu ana njia yake na ukuta wake. Muogeleaji akienda kama mita moja na nusu kwa sekunde, elfu mbili za sekunde ni milimita 3 hivi, na hakuna fundi anayeweza kujenga bwawa la mita 50 ambalo njia zake zote nane zinalingana kwa milimita 3. Kanuni zenyewe huruhusu tofauti ya sentimita kadhaa. Kumtangaza mshindi kwa elfu ya sekunde pale ni kuupa ukuta medali.

Kwenye luji kila mchezaji hupita njia ileile, mmoja baada ya mwingine, na hukata miale ileile miwili. Kama njia ina sentimita ya ziada, wote wanaipita. Tena mwendo ni mkubwa: kwa kilomita 120 kwa saa, elfu moja ya sekunde ni zaidi ya sentimita 3. Hiyo unaiona kwa macho. Mwaka 1998 kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani, Wajerumani wawili, Silke Kraushaar na Barbara Niedernhuber, walishuka mara nne kila mmoja. Kraushaar alipata jumla ya dakika 3 na sekunde 23.779, mwenzake 23.781. Ukizikadiria jumla hizo hadi mia ya sekunde, wote wawili wanasomeka 23.78.

Lakini saa kali namna hiyo ina maana pale tu ambapo mambo mengine nayo yamebanwa, na hapa ndipo mchezo umefanya kazi kubwa zaidi. La kwanza ni vyuma vya chini ya sleji. Chuma chenye joto huteleza vizuri zaidi kwenye barafu. Mwaka 1968 kwenye Olimpiki ya Grenoble, Ufaransa, wanawake watatu wa Ujerumani Mashariki waliondolewa mashindanoni baada ya waamuzi kubaini kwamba vyuma vyao vilipashwa joto, na dhahabu ikaenda kwa Erica Lechner wa Italia. Siku hizi vyuma hupimwa joto kabla ya mchezaji kushuka, na akizidi kiwango anatolewa. La pili ni uzito. Upepo humpunguza kasi mtu mwepesi kuliko mzito, basi wepesi huruhusiwa kuvaa uzito wa ziada, kama madini ya risasi, hadi kiwango kilichowekwa, na sleji nazo hupimwa kwenye mizani.

Barafu ndiyo ngumu kuidhibiti. Zamani jua likitoka njia inalainika, na anayeshuka saa nne anakuta kitu tofauti na aliyeshuka saa mbili. Königssee, Ujerumani, ndiko ilikojengwa njia ya kwanza ya kudumu yenye mitambo ya kugandisha, mwishoni mwa miaka ya 1960, na leo karibu njia zote kubwa ziko hivyo. St. Moritz, Uswisi, ulikofanyika ubingwa wa Ulaya wa 2022, bado hujengwa upya kila msimu kwa theluji na maji. Hata penye mitambo barafu huchakaa, na katika mteremko wa pili anayeongoza ndiye hushuka mwisho, juu ya barafu iliyokwishachanwa na wenzake. Huo ni upungufu wa kweli, na saa haiwezi kuuondoa.

Kitu kimoja zaidi kwa anayesoma matokeo ya Ulaya. Miaka ya karibuni ubingwa huo mara nyingi hufanyika ndani ya mbio za Kombe la Dunia: mbio ni zilezile, orodha zinatoka mbili. Mmarekani akimaliza wa pili, kwenye orodha ya Ulaya hayumo, na Mlatvia aliyekuwa wa tatu anavishwa fedha. Usidhani wamekosea kuhesabu.

Na wakilingana hata kwenye elfu? Hakuna tarakimu ya nne. Wanapanda jukwaani pamoja.