Je, wajua kwa nini Uingereza iliwapa watu wa Hong Kong pasipoti ili wasihame?

Ng'ambo ya Ruvuma, kusini ya Msimbati, kuna Kionga. Wajerumani waliichukua 1894, Wareno wakaiteka Aprili 1916, na mkataba wa Versailles ukawaachia. Wenyeji hakuna aliyewabembeleza. Hong Kong, koloni la Uingereza lililorudishwa China 1997, mambo yalikuwa tofauti, maana tarehe ya kubadilisha mtawala ilijulikana miaka mingi kabla, na mwenye mali akishajua tarehe huanza kuihamisha mapema.

Sehemu kubwa ya ardhi, New Territories, Uingereza iliikodi kwa China mwaka 1898 kwa miaka 99. Kwa hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980 hofu ilianzia benki kabla ya kufika kwenye bendera: nani atakukopesha fedha za nyumba kwa miaka 15 wakati hati ya kiwanja inaisha 1997? Mkulima wa korosho wa Tandahimba ataelewa upesi. Akishapeleka magunia ghalani, mkononi anabaki na stakabadhi tu. Ukizuka uvumi kwamba mnada umekwama, hapati usingizi.

Septemba 1983, mazungumzo ya London na Beijing yakiwa yamekwama, dola ya Hong Kong iliporomoka hadi karibu 9.6 kwa dola ya Marekani. Watu wakavamia maduka kununua mchele, mafuta ya kupikia, hata karatasi za chooni. Oktoba 17 serikali ya Hong Kong ikaifungamanisha na dola ya Marekani kwa 7.80: benki ikitaka kutoa noti mpya, iweke kwanza dola za Marekani serikalini. Kwa maoni yangu, hilo lilituliza watu kuliko hotuba zote. Tamko la Pamoja la Uingereza na China la Desemba 1984 likaruhusu hati za ardhi zifike hadi 2047.

Kisha yakatokea mauaji ya waandamanaji Beijing, Juni 1989. Madaktari, wahasibu na mainjinia wa Hong Kong wakazidi kuondoka, wengi kwenda Kanada na Australia. Tatizo ni kwamba uraia wa huko huupati mpaka ukaishi kwanza. Uingereza ikageuza utaratibu: wakuu wa familia 50,000, pamoja na wake, waume na watoto wao, wangepewa uraia kamili wakiwa palepale Hong Kong, kazini kwao. Mwenye pasipoti tayari mfukoni, hesabu ilivyokuwa, hana haraka ya kufunga mizigo. Anaweza kusubiri aone 1997 itakuja na nini. China haikupendezwa hata kidogo, ikatangaza kwamba haitazitambua pasipoti hizo.