Je, wajua kwa nini vyumba vya nyumba za kale za Lamu ni virefu na vyembamba?

Jibu liko darini. Ingia nyumba ya mawe ya karne ya 18 mtaani Mkomani, katika mji huu ulioingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, kisha inua uso. Utaona boriti zimelazwa kwa mapana ya chumba, ncha zimezama ukutani huku na huku. Boriti ni mti wa mkoko: mgumu, haushindwi upesi na mchwa, ila mfupi. Tena hubebeshwa dari nzito ya vipande vya matumbawe na chokaa, kwa hiyo fundi hakuthubutu kuitandaza zaidi ya mita tatu hivi. Urefu wa chumba aliamua mwenye nyumba. Upana uliamuliwa na mkoko. Hata nchi za Ghuba, ambako majahazi yalipeleka boriti za pwani yetu, vyumba vya zamani vilibanwa na mti huohuo.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Vyumba vimepangwa kimoja nyuma ya kingine, kuta zina unene wa nusu mita hivi, na upande wa njiani madirisha ni haba kwa ajili ya sitara. Nuru ipite wapi? Kiwandani. Usidhani ni cha sukari: kwa Waamu, kiwanda ni ua wa katikati, usioezekwa. Kutoka daka, yaani kibaraza cha mlangoni, unapita tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, ambao hupinda ili mpita njia asichungulie, ndipo unatokea kwenye mwanga. Mbele yake ni msana wa tini (chumba cha kwanza, cha chini), halafu msana wa yuu (cha pili, kilichoinuka kidogo), kisha ndani, chumba cha mwenye nyumba wa kike, chenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, za chokaa nyeupe zilizopangwa ukuta mzima. Kila ukisonga, sakafu hupanda kidogo na nuru hufifia. Mimi naona zidaka hazikuwa pambo tu. Weupe ule huokota mwanga mdogo uliosalia.

Joto nalo hupanda na kutokea kiwandani, hewa baridi ikibaki chini. Ndiyo maana jiko mara nyingi huwekwa juu kabisa, chini ya paa la makuti: moshi ukishuka kiwandani, nyumba nzima haina pua nyingine.