Kuchonga mfano wa ngalawa: yasemwayo na yalivyo

"Ngalawa ni mwembe, basi na mfano wake uwe mwembe." Kweli, gogo la mwembe ndilo lililozoeleka pwani yetu. Ila kwa uwiano wa 1:20, ngalawa ya mita 6 inakuwa ya sentimita 30, na nyuzi za mti hazipungui pamoja nayo. Kitundu cha robo milimita kwenye mfano huonekana kama mfereji wa nusu sentimita kwenye ngalawa yenyewe. Tafuta mti laini wenye nyuzi zilizobanana, uwe wowote ule, halafu uupake rangi.

Ajabu ni kwamba hao hao wanaong'ang'ania mwembe, wakishika patasi huitupa kabisa njia ya fundi. Hukata mataruma, yaani mbavu za chombo, kwanza, kisha wakayafunika kwa vibamba, kama mifano ya meli za Ulaya inayouzwa kwenye maboksi. Ngalawa haianzi na mataruma. Ni gogo: huchongwa umbo la nje, ndipo likakombwa ndani, na kingo zikainuliwa kwa ubao. Hapa ndipo pa kumwiga fundi.

"Sasa unene nitaujuaje? Si nitatoboa?" Toboa mwenyewe mapema. Ubavu wa sentimita 4 kwenye mfano ni milimita 2. Loweka vijiti vya kuchokolea meno kwenye wino mpaka vikolee. Umbo la nje likikamilika, toboa kwa keekee vitundu vya kina cha milimita 2 hapa na pale, chomeka vijiti kwa gundi, kata vilivyozidi. Kisha komba ndani taratibu. Ukiona doa jeusi, hapo umefika, hamia pengine. Omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya chombo, ziache nene kidogo, kwani huko ndiko mti hupasuka.

Wengine hudhani matengo, yale ya ubavuni yanayozuia ngalawa isipinduke, ni maboya, wakayachonga mviringo kama penseli. Ni mbao bapa zilizolazwa mshazari: chombo kikiinama huku kinakwenda, tengo la upande huo huteleza juu ya maji na kukiinua. Ukiyafunga wima au ya mviringo, mvuvi ataona kosa kabla hujamaliza kumsalimu.

Kamba ni hesabu tu. Ya milimita 12 inakuwa 0.6. Pitisha uzi kwenye nta ulaze manyoya yake.

Dhana sugu kuliko zote ni kwamba mfano uliofuata vipimo barabara utasafiri kama chombo chenyewe. Hauwezi. Kwa 1:20 eneo la tanga hupungua mara 400, lakini uzito hupungua mara 8,000: ngalawa ya kilo 400 inakuwa gramu 50. Upepo nao haupungui hata kidogo. Nguvu ya kuupindua mfano hupungua mara 8,000, ya kuurudisha wima mara 160,000. Ukitaka utembee majini, funga kipande cha madini ya risasi chini ya mfano au kata tanga dogo kuliko vipimo vinavyotaka.